Sahani Nyeupe

Watoto wa darasa la nne waliteremka asubuhi
na mwalimu wao Chidori, viatu vya mpira hadi magotini,
wakapanga sahani nyeupe juu ya tuta la bwawa
kama wanaoandaa karamu.
Nilikuwa juu, shambani kwangu, nikijifanya nazibua mfereji.

Ofisi ya mji ilikwisha kuja na kipimo chake.
Walichovya, wakasoma, wakaandika: maji hayana neno.
Na kweli siku ile hayakuwa na neno.
Mashine huulizwa ya saa hii, ikajibu ya saa hii.
Lakini anayelala topeni miaka miwili kabla ya kuota mbawa,
anayekunywa kwa ngozi,
huyo ni daftari la madeni.

"Mwalimu, huyu mkia umemzidi mwili!"
Funza wa mkia. Huvuta hewa ya juu kwa mrija wake
kama mtu aliyeziba pua akaendelea kula.
Sahani ya kwanza. Wakafuata wekundu,
mabuu wembamba kama uzi uliofumuka kwenye sweta,
wakajikunja, wakajikunjua, wakajaa.
Ruba wawili.
Sahani ya kerengende: ganda moja tupu, la mwaka juzi.
Sahani ya nondo-maji, yule fundi
anayejijengea nyumba ya mchanga akatembea nayo:
maji matupu, na ndani yake uso wa mtoto.

Itsuki, wa nyumba ya pili kutoka kwetu, mwenye kikohozi,
ndiye aliyemwopoa salamanda.
Alimshika kwa viganja vilivyoloa, kama walivyofundishwa,
akamgeuza: tumbo jekundu, madoa meusi.
"Basi ni pazuri," wakasema wenzake. "Salamanda yupo."
Mwalimu akauliza: na watoto wake?
Wakapitisha nyavu majanini hadi jua likawa utosini.
Hapakuwa na yai lililokunjiwa jani, wala kiluwiluwi.
Mzee mmoja tu, wa miaka kumi na mitano labda,
katika nyumba ambamo hazaliwi mtu tena.
Kijijini kwetu, huku milimani Kagawa,
hilo halikuhitaji maelezo.

Karatasi ya Itsuki niliiona baadaye,
imebandikwa ukutani kwenye duka la ushirika, kwa penseli:
*Bwawa hili lilikuwa zima. Kisha kitu kikatokea.*
Hakuandika nani.

Nani, mimi namjua. Kila Aprili, kabla ya kupandikiza,
nilinyunyiza chembe za dawa kwenye trei za miche,
gramu hamsini kwa trei, kama mfuko ulivyoagiza,
mfuko wa buluu wenye picha ya suke linalotabasamu.
Sikuvunja sheria. Sikumwaga kitu usiku.
Nilifungua mlango wa maji tu, maji yakashuka.
Kwani maji yana kazi gani nyingine?

Mwaka uliofuata trei thelathini nilizipanda bila dawa.
Theluthi ililiwa. Yaeko, mke wangu, alinuna hadi mavuno.
Nilinunua sahani nyeupe ya plastiki
nikawa nashuka alfajiri, kabla kipaza sauti cha kijiji hakijalia,
nikichota, nikitazama, nikimwaga.
Wekundu. Wekundu. Wekundu.

Juni ya mwaka wa tatu, kipande cha takataka kilitembea.
Nikavaa miwani. Nyumba, urefu wake punje ya mchele,
changarawe kwa changarawe, imeshikizwa kwa hariri,
na katikati ya ukuta, kama dirisha,
kijipande cha buluu.

Nikaujua ule mfuko.
Akatoa kichwa, akakuta mwanga mwingi mno, akarudi ndani.

Nilimrudisha majini polepole
nikakaa tutani na sahani yangu
mpaka Itsuki alipopita akienda shule,
mrefu sasa, kikohozi kile kile.
"Umepata nini?"
Nikasogea, nikampa nafasi.